Fenicha na vyombo vya nyumbani vya ubunifu mpya, Arusha na Moshi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Fenicha ya ubunifu mpya ni ipi? Ni ile yenye umbo la ajabu?

Umbo la ajabu ni rahisi. Fundi yeyote anaweza kupinda mguu wa meza. Tunachokiita ubunifu ni fenicha iliyofikiriwa upya kwa ajili ya nyumba inayokwenda kukaa: sebule ya mita tatu kwa tatu na nusu, ngazi nyembamba za ghorofa, mpangaji anayehama kila baada ya miaka miwili na anayetaka mzigo wake wote uingie kwenye kirikuu kimoja.

Babu zetu waliyajua haya. Mbuzi ya kukunia nazi hukunjwa na kuning'inizwa ukutani. Kitanda cha kamba kiliitwa teremka tukaze kwa sababu aliyekibuni alikubali kwamba kamba italegea, akaacha nafasi ya kuikaza. Ulaya nako, kiti namba 14 cha Michael Thonet cha mwaka 1859 kilikuwa na vipande sita vya mbao, skrubu kumi na nati mbili. Viti 36 vilivyofunguliwa vilienea ndani ya sanduku la mita moja ya ujazo. Vyote vitatu vilianza na swali la matumizi, umbo likafuata.

Nichague mbao gani?

Anza na kinachopatikana karibu. Msindano (paini) wa mashamba ya Rongai, West Kilimanjaro na Meru/Usa ni mwepesi na hupandwa upya. Unafaa kwa rafu, vitanda, fremu za makochi na meza za watoto. Udhaifu wake ni ulaini: kikombe kikidondoka, meza inabonyea. Kwa hiyo sehemu ya juu ya meza ya msindano ifanye nene, milimita 30 badala ya 20, na kona uziviringe.

Mgrevilea, ule unaotia kivuli migomba na kahawa kwenye vihamba vya Marangu, Machame na Kibosho, umedharauliwa kwa muda mrefu kama mti wa kuni tu. Upasue gogo ukielekeza msumeno kwenye kiini, kama miale inavyotoka katikati, na uso wa mbao utatoa madoa ya kung'aa kama lesi. Ukipasuliwa ovyo, madoa hayo hayaonekani. Miti yake michanga hujipinda sana ikikauka, basi chagua gogo lenye kipenyo cha sentimita 35 au zaidi. Vumbi lake huwawasha baadhi ya watu, kwa hiyo vaa barakoa na mikono mirefu.

Mninga haujipindi sana na unakubali randa vizuri, ndiyo maana mafundi wanaupenda. Mvule ni imara, ila ndani yake huwa na vijiwe vya chokaa vinavyoharibu meno ya msumeno. Msaji (mtiki) una mafuta, na gundi haishiki juu ya mafuta: futa sehemu za kuunganisha kwa kitambaa chenye asetoni, kisha gundisha ndani ya robo saa kabla mafuta hayajapanda tena.

Mbao yoyote utakayonunua, dai risiti na hati ya kusafirishia mazao ya misitu ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Ukikamatwa njiani na mbao zisizo na karatasi, kusema umezinunua kwa nia njema hakutakusaidia.

Muuzaji anasema mbao imekauka. Nitajuaje?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote kwenye ukurasa huu, na kama utasoma jibu moja tu, lisome hili. Kwa maoni yetu, mbao mbichi inaharibu fenicha nyingi kuliko mikono mibaya.

Ndani ya nyumba za Arusha na Moshi, mbao hutulia kwenye unyevu wa asilimia 10 hadi 12 hivi. Mbao ya sokoni mara nyingi ina 18, 20 au zaidi. Kugonga kwa kidole au kunusa hakukupi namba. Kipima unyevu chenye pini mbili kinakupa, ilimradi upime mbao iliyochanwa hapohapo na pini uzichomeke kwenye uso mpya wa ndani. Uso wa nje hukauka kwanza na utakudanganya.

Kama huna kipimo, tumia mizani ya jikoni na oveni. Kata kipande kutoka angalau nusu mita ndani ya mbao, maana ncha hukauka mapema. Kiwe na unene wa sentimita 2 hivi kufuata nyuzi, na kizidi gramu 100 ili mizani isikose. Pima, andika uzito. Weka kwenye oveni ya nyuzijoto 103 za Selsiasi, toa na upime kila baada ya saa mbili hadi uzito ugome kushuka. Kisha toa uzito wa mwisho kwenye uzito wa kwanza, gawanya kwa uzito wa mwisho, zidisha kwa 100. Kipande kilichoanza na gramu 130 na kuishia 112 kimepoteza gramu 18. 18 gawanya kwa 112 ni 0.16. Mbao hiyo ina unyevu wa asilimia 16. Kwa meza ya ndani, bado.

Kuikausha mwenyewe si kazi ngumu, inataka subira tu. Iinue sentimita 40 kutoka ardhini, chini ya paa lakini kuta ziwe wazi. Kati ya safu na safu panga vijiti vya nchi moja kila baada ya sentimita 50, na vijiti vya safu zote vikae mstari mmoja wima. Kijiti kikikaa kando ya mwenzake, mbao huinama pale na haitanyooka tena. Paka ncha rangi nzito au nta ili maji yasikimbilie huko na kuzipasua. Kanuni ya zamani ni mwaka mmoja kwa kila nchi ya unene kwa mbao ngumu. Msindano wa nchi moja huwahi zaidi, miezi miwili mitatu ya kiangazi. Ukianza Machi, masika yatakula miezi yako mitatu, hivyo panga kuanza Juni. Hatua ya mwisho, ingiza mbao ndani ya chumba kwa wiki tatu na upime uzito wa ubao mmoja kila wiki. Uzito ukiacha kubadilika, randa inaweza kuanza.

Meza yangu mpya imepasuka katikati. Fundi amenidanganya?

Huenda hakukudanganya, huenda aliikaza tu kupita kiasi. Mbao hunywea na kutanuka kwa upana wake mwaka mzima, urefu karibu haubadiliki. Chukua uso wa meza ya msindano wenye upana wa sentimita 90. Kila asilimia moja ya unyevu inayotoka hupunguza upana kwa robo ya asilimia hivi. Ikishuka kutoka 16 hadi 10, meza imepungua milimita 13. Sasa kama uso huo umegongomelewa misumari na kutiwa gundi kwenye fremu pande zote mbili, milimita 13 zitatoka wapi? Zitatoka kama ufa.

Dawa yake ni kushikilia bila kubana. Kwenye vipande vya fremu vinavyokatiza nyuzi, toboa matundu marefu ya milimita 5 kwa 12 badala ya matundu ya duara, yakilala kufuata upana wa meza. Pitisha skrubu ya milimita 5 yenye washa, kaza hadi iguse, kisha rudisha nyuma robo mzunguko. Skrubu ya katikati pekee ndiyo iwe na tundu la duara, ili uso upumue sawa pande zote. Gundi isiguse kabisa kati ya uso na fremu.

Na jambo moja ambalo wengi hulisahau: paka rangi au mafuta upande wa chini pia, idadi ileile ya mikono. Meza iliyopakwa juu tu hunyonya unyevu kwa chini na kujikunja kama kigae.

Ufa uliokwisha tokea usiujaze kwa vumbi la mbao na gundi wakati wa kiangazi. Masika ikija mbao inatanuka, haina pa kwenda, inapasuka kwingine. Legeza skrubu kwanza, ngoja wiki mbili, kisha pachika vipande viwili vya umbo la kipepeo vya mbao ngumu kukatiza ufa, kina cha theluthi ya unene.

Vipimo gani ni salama kwa viti na meza?

Kiti cha kulia chakula: urefu wa sentimita 43 hadi 45 kutoka sakafuni. Meza yake: 72 hadi 75. Cha kuangalia zaidi ni tofauti kati ya viwili hivyo, ikae kati ya 28 na 30. Ukiongeza mto juu ya kiti baadaye, umeivuruga. Kila mlaji anahitaji sentimita 60 za upana, na nyuma ya kiti acha 75 ili mtu asimame bila kugonga kabati. Kaunta ya jikoni ni 85 hadi 90. Mpime mpishi mwenyewe, kaunta ikae sentimita 10 hadi 15 chini ya kiwiko chake.

Nataka kitanda kinachofunguka bila kulia "kri kri". Kinajengwaje?

Mlio hutoka mahali mbao inaposugua mbao. Kitanda kilichogongomewa misumari kitalia tu, kwa sababu msumari hulegea na haukazwi tena.

Chukua mfano wa kitanda cha tano kwa sita, yaani godoro la sentimita 152 kwa 183. Nafasi ya ndani iwe 155 kwa 186. Mbao za ubavu ziwe na unene wa milimita 30 na kimo cha 150. Kila kona iwe na bolti moja ya milimita 8, urefu wa milimita 100, inayoingia kwenye nati ya silinda iliyolala ndani ya ubavu, pamoja na pini mbili za mbao za milimita 10, moja juu na moja chini ya bolti, zinazozuia ubavu usizunguke. Pini zitiwe gundi upande mmoja tu, la sivyo kitanda hakitafunguka. Tundu la bolti liwe la milimita 9. Vipande viwili vibanwe pamoja kwa klampu na kutobolewa kwa mkupuo mmoja. Ukitoboa kimoja kimoja kwa macho, bolti haitaikuta nati, na hapo ndipo mafundi wengi hukata tamaa na kurudi kwenye misumari.

Chaga 14 za upana wa sentimita 7, zikiachana sentimita 6, zitatumia sentimita 176. Zile 10 zinazobaki gawanya kichwani na miguuni. Nafasi ikizidi 7 godoro huanza kuzama. Katikati pita boriti yenye mguu wake unaogusa sakafu, maana chaga ya msindano ya milimita 20 haiwezi kubeba watu wawili kwa upana wa mita moja na nusu bila kuinama. Juu ya boriti na juu ya vishikio vya chaga bandika utepe wa mpira wa ndani wa tairi la baiskeli. Huo ndio unaonyamazisha.

Kaza bolti baada ya mwezi wa kwanza, na tena kila kiangazi kikiisha. Teremka, tukaze.

Meza za "mto" za epoksi zinatengenezeka hapa?

Ni meza ambayo kati ya mbao mbili humiminwa epoksi, yaani maji yanayoganda yakawa magumu, ikaonekana kama mto. Zinatengenezeka, na makosa yake ni ya gharama kubwa, kwa hiyo hesabu kabla ya kununua. Mto wa urefu wa sentimita 150, upana wa wastani 20 na kina 4 ni sentimita za ujazo 12,000, yaani lita 12. Ongeza asilimia 10 kwa inayonywewa na mbao na inayobaki kwenye ndoo.

Mbao iwe chini ya asilimia 12, gome lote litolewe (likibaki, epoksi itashika gome na gome litaachia mbao), kisha kingo zipakwe mkono mwembamba wa epoksi na kuachwa zishike. Ukiruka hatua hii, hewa ya kwenye vinyweleo itatoka kama povu katikati ya mto wako. Kuna epoksi ya kumimina nyembamba, milimita chache kwa mara moja, na ya kina, sentimita kadhaa. Kumimina ile nyembamba kwa kina cha sentimita 4 ni hatari: inajipasha yenyewe, inatoa moshi, inapasuka. Epoksi huja kama maji mawili ya kuchanganya. Uwiano wake usome kwenye kopo, kisha uone kama umetajwa kwa uzito au kwa ujazo, maana havifanani.

Usiku wa Juni na Julai Arusha ni baridi, na epoksi huchelewa kushika au hubaki ikinata. Mimina asubuhi, funga madirisha, funika dhidi ya vumbi. Na meza ya namna hii usiiweke barazani. Jua huigeuza njano.

Kwa mtazamo wetu, mto mwembamba wa sentimita 6 unaofuata ufa wa asili unapendeza kuliko bwawa la bluu lililomeza mbao. Mbao ndiyo uliyoilipia.

Kochi linabonyea baada ya miezi sita. Tatizo ni sponji?

Mara nyingi, ndiyo. Pima kabla ya kitambaa kushonwa. Kipande cha sentimita 50 kwa 50 kwa 10 cha densiti 30, yaani kilo 30 kwa mita moja ya ujazo, kina gramu 750. Mizani ikisoma 450, hiyo ni densiti 18. Inafaa mgongoni, haifai kukaliwa. Makalio yanataka 30 au zaidi. Chini ya sponji dai mikanda ya mpira iliyosukwa au springi, siyo plaiwudi tupu.

Plaiwudi au MDF kwa kabati la jikoni?

Plaiwudi ya milimita 18. MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi, ikinywa maji kwenye kingo huvimba na hairudi. Itumie kwa milango ya rangi iliyo mbali na sinki, na ukingo wote uzibwe.

Taa za magome ya mgomba na vyombo vya mianzi hudumu?

Hudumu vikitibiwa. Wadudu hufuata wanga na sukari iliyomo ndani. Kwa lita 100 za maji weka kilo 3 za boraksi na kilo 2 za asidi ya boriki, koroga kwenye maji ya moto kidogo kwanza ili viyeyuke. Mianzi itobolewe kuta za kila pingili kwa nondo ndefu, ilowekwe siku 7 hadi 14, kisha ikaushwe kivulini, juani hupasuka. Magome ya mgomba yanataka usiku mmoja tu. Mchanganyiko huo pia hupunguza kasi ya kushika moto, lakini hauondoi hatari. Ndani ya kivuli cha taa weka balbu ya LED ya wati 5 hadi 9, iachane na magome kwa sentimita 8. Balbu za zamani za waya zisiingie humo kabisa. Dawa hii ni ya taa na fenicha. Bakuli la chakula lisipitie humo.

Ubao wa kukatia na bakuli la mbao nipake nini?

Mafuta ya madini yanayouzwa famasi, sehemu nne, na nta safi ya nyuki sehemu moja, kwa uzito. Yeyusha ndani ya sufuria iliyokaa kwenye sufuria nyingine yenye maji. Paka ya uvuguvugu, acha usiku kucha, futa. Mafuta ya alizeti yatanata na kunuka.

Mafuta ya kitani yanapendeza kwenye fenicha, lakini yale yaliyotiwa vikaushio usiyatumie kwenye vyombo vya chakula. Na tafadhali, kitambaa ulichopakia mafuta ya kitani usikikunje na kukitupa kwenye vumbi la randa. Kinapokauka kinajipasha joto chenyewe na kinaweza kuwaka bila kiberiti. Kianike kikiwa kimetandazwa nje, au kitumbukize kwenye ndoo ya maji. Karakana moja ikiungua, nyumba za jirani zinafuata.

Unga mweupe unadondoka chini ya kiti. Ni nini?

Ni wadudu wanaokula sehemu ya nje ya mti, ile nyeupe. Chomeka dawa ya boroni kwenye matundu kwa sindano, kitenganishe kiti hicho na vingine, weka karatasi nyeusi chini yake. Unga ukiendelea kuonekana baada ya mwezi, rudia. Kinga bora ni kukataa mbao yenye weupe tangu mwanzo.

Naweza kuleta picha ya mtandaoni ikatengenezwa vilevile?

Lete, lakini picha haina vipimo wala mgongo. Lete pia urefu wa mlango wako, upana wa ngazi na idadi ya watu. Kabla ya kutoa advansi, dai mchoro wenye namba na karatasi inayotaja aina ya mbao, unyevu wake, aina ya viungo na nani atakaza bolti mwezi wa kwanza. Kwa kiti kipya kabisa, dai cha majaribio kimoja kabla ya vyote sita, na kikalie saa nzima.

Mgeni anataka kubeba nje ya nchi. Kuna masharti?

Jamii ya mpingo iko chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu Januari 2017. Mninga na mkongo viliongezwa na mkutano wa Novemba 2022. Masharti hutofautiana kati ya mbao ghafi na kitu kilichokamilika, hivyo waone TFS kabla ya kufunga sanduku.

Wapi pa kujifunza?

Moshi kuna Chuo cha Viwanda vya Misitu, FITI, kinachofundisha upasuaji wa magogo na kazi za viwanda vya mbao. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wapo Moshi na Arusha, waulize kuhusu useremala na uchomeleaji. SIDO, shirika la viwanda vidogo, wapo mikoa yote miwili.

Kiti kimelegea kwenye kiungo. Nikigongee msumari?

Hapana. Msumari hupasua ulimi, yaani ncha ya mbao inayoingia kwenye tundu la kiungo, na kufanya kazi ya baadaye isiwezekane. Kivute kiungo taratibu kwa nyundo ya mpira hadi kiachie. Kwangua gundi yote ya zamani kwa patasi, maana gundi mpya haishiki juu ya kuukuu. Ulimi ukicheza ndani ya tundu, bandika juu yake kipande cha randa, yaani ule utepe mwembamba unaotoka randa ikipita, upande mmoja, kisha jaribu tena. Uingie kwa kusukumwa na kiganja. Paka gundi ya mbao kwenye kuta za tundu na kwenye ulimi, unganisha, funga kamba ya katani kuzunguka miguu yote minne na uikaze kwa kijiti kinachosokotwa katikati. Pima mshazari kona kwa kona, pande mbili zilingane. Futa gundi iliyotoka kwa kitambaa chenye maji. Asikikalie mtu kwa saa 24.